Kuifukua bustani ya bondeni: shajara ya siku 84, Igogo, Mwanza

Siku ya 1, Jumapili

Mvua ilianza saa nane usiku na ilikata kabla ya adhana ya alfajiri. Nilishuka bustanini kumekucha, kanga mabegani na jembe mkononi, nikidhani nakwenda kuzibua mfereji. Mfereji haupo. Uzio wa upande wa juu haupo, lango halipo, kitalu hakipo. Kuanzia kwenye mwamba mkubwa tunaouita Meza mpaka kwenye mipapai ni mchanga mtupu, mweupe, umelala laini kama umepigwa reki. Juu yake zimetapakaa chupa za plastiki, ndala moja ya mtoto, na beseni la bluu ambalo mwenyewe amekuja kulichukua saa mbili asubuhi, akasimama nalo mkononi muda mrefu bila kusema kitu.

Nimehesabu. Tulikuwa na matuta 41. Yaliyobaki ni 9, yote yale yaliyojificha nyuma ya Meza, ambako mwamba uliyakinga na maji. Nimechomeka fito ardhini sehemu tofauti: pembeni mchanga unafika kwenye kifundo cha mguu, karibu na njia unafika gotini, na katikati kabisa, palipokuwa na chainizi za kuuza sikukuu, fito imezama mpaka usawa wa paja langu.

Tuta la mgagani la bibi yetu, mkubwa wa kikundi, limefukiwa lote. Ule mgagani haukuwa wa kula. Ulikuwa wa mbegu, ameuacha utoe vitumba vikauke. Bibi hajui bado. Nitamwambia mchana, si kwa simu.

Kwa asiyepajua: Igogo ni mtaa uliopanda mlima, kusini kidogo ya katikati ya jiji, ziwa likiwa chini yako na mawe yakiwa kila upande. Nyumba zimejipenyeza katikati ya mawe. Bustani yetu ni kama robo eka, pale mlima unapopumzika kabla ya kuteremka tena. Mwenye eneo ametuazima tangu pakiwa jalala. Tuko wanachama 23.

Siku ya 2

Kikao kimefanyika juu ya Meza, maana chini hapakaliki. Wamekuja 19. Watu wamechoka, na wengine wana hasira wasiyojua waielekeze wapi.

Mwenzetu mmoja ametoa wazo la kuhamia ufukweni. Amelieleza vizuri: kule ni tambarare, udongo mweusi, maji yako hapo hapo. Nimelipinga, na naandika sababu ili lisirudi tena kwa mlango mwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Halafu ziwa lenyewe haliko mahali pamoja. Mwaka 2020 lilipanda likameza mashamba na vibanda vya watu kandokando, na 2024 likapanda tena. Tukihama kwa kuyakimbia maji ya mlimani, tutakwenda kukutana na maji ya ziwa.

Wengi wamekubali tubaki. Tumekubaliana pia kuanza kutoa mchanga kesho. Hilo la pili lilikuwa kosa, nitaeleza.

Bibi nilimwambia jana. Alinyamaza, kisha akauliza kama beseni la yule mama limepatikana.

Siku ya 3

Asubuhi tulikuwa tumeshika mabeleshi tayari alipopita mzee mpondaji wa kokoto. Huyu mzee anapasua mawe ya mlima huu tangu mimi sijazaliwa. Anawasha moto juu ya mwamba mpaka upate nyufa, ndipo nyundo inafuata. Si mwanachama wetu, ila huwa tunampa mboga na yeye hutupa salamu ndefu.

Nikamwamkia. Akaitikia, akatutazama, akasema: "Mwanangu, mchanga huu mtautoa, na mvua ijayo utarudi. Twende juu kwanza."

Tumepanda naye watu wanne. Tumefuata njia ya maji kutoka bustanini kwenda juu, hatua kwa hatua, tukipiga hodi kila ua tunaoukatiza. Imetuchukua asubuhi nzima, na nimejifunza zaidi kuliko miaka yote niliyolima pale chini.

Jambo la kwanza: mvua iliyotufukia haikunyesha kwetu peke yetu. Mama wa genge aliacha kopo tupu la rangi uani, lenye kuta zilizonyooka, na asubuhi lilikuwa na maji ya sentimita 5. Hizo ni milimita 50. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 5 linakuwa limemwaga lita 2,000 usiku ule. Juu yetu nimehesabu nyumba 60, na nyingi hazina gata. Ni lita 120,000, yaani madumu 6,000 ya lita 20, kutoka kwenye mabati peke yake, kabla hujagusa njia, nyua na mawe matupu ambayo hayanywi hata tone. Maji yote hayo yanatafuta pa kushukia, na sisi ndio tuko mahali mlima unapolala.

Jambo la pili: zamani maji haya yalikuwa yanagawanyika. Mzee alituonyesha makorongo matatu madogo. Moja limejengewa ngazi. Jingine limejaa takataka, limekuwa njia ya mkato ya watoto wa shule. La tatu, ndilo kubwa, limekatwa na ukuta mpya wa tofali, kama hatua arobaini juu ya bustani. Nyuma ya ukuta huo tumekuta alama ya tope usawa wa kiuno. Maji yalisimama pale, yakajaa, yakatafuta kona, yakaruka yote kwa pamoja upande wetu.

Nilikasirika. Nilisema naandika barua kwa mtendaji wa kata leo hii. Mzee akaweka mkono juu ya ukuta ule, akanijibu bila kunitazama: "Ukianza na barua utamaliza na barua. Anza na hodi."

Siku ya 4

Tulikwenda jioni, mimi, mzee, na mwenyekiti wa mtaa ambaye aliomba tusimtangulize yeye. Mwenye ukuta alikuwa ametoka kazini. Alitupa viti lakini uso haukufunguka.

"Ukuta nimejenga kwenye kiwanja changu. Mvua nimeleta mimi?"

Hakukosea kwa yote mawili, na ndiyo maana nilikosa la kusema. Aliyeongea ni mke wake. Alisema, "Baba, waonyeshe kule nyuma." Tukazunguka na tochi ya simu. Chini ya ukuta, upande wa ndani, kulikuwa na ufa. Mzee akaingiza vidole, kisha kiganja, mpaka mkono ukazama kwenye kifundo. Udongo uliokuwa umeshika shimo la choo nao umeanza kumomonyoka.

Mzee akasema: "Maji yamelala hapa usiku mmoja. Yakilala tena mara mbili, na ukuta utalala."

Tunachoomba ni matundu matatu chini ya ukuta, kila moja ukubwa wa tofali, na mawe ya kupokea maji upande wa nje yasichimbe. Mzee atayatoboa mwenyewe, bila malipo. Mwenye ukuta ameomba siku mbili za kufikiri. Tumeshukuru, tumeondoka.

Siku ya 5, Alhamisi

Sasa mchanga. Nilitarajia wanachama kumi. Saa moja asubuhi nilihesabu watu 34, baadaye nikaacha kuhesabu. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wamepaki pikipiki zote kwenye mstari na kushuka na karai za kuazima. Mama ntilie wa kona ameleta uji ndoo mbili. Fundi mmoja wa nyumba amekuja na chekeche, akachekecha beleshi moja, akausugua mchanga kwenye kiganja, akasema huu ni wa plasta.

Neno hilo limebadilisha siku nzima. Mtaa mzima una watu wanaojenga kidogo kidogo, chumba leo, choo mwakani, na mchanga wanaununua kwa bei ya kuumiza. Tukaweka utaratibu pale pale: mchanga ni wa yeyote anayeubeba, lakini kwa kila karai kumi za kwako unabeba tano za bustani, unazimwaga kwenye viroba vya tuta la chini. Hakuna aliyesimamia. Watoto ndio walikuwa wanahesabu kwa sauti, na mtu akidanganya wanamzomea.

Mchana bibi alishuka. Alikaa kivulini na kuanza kusimulia jinsi utotoni kwao vijijini Usukumani kazi ya shamba kubwa ilivyoitiwa vijana, nsumba ntale, yaani kiongozi wao, akiwa mbele yao, ngoma ikipigwa, mstari wa majembe ukipanda na kushuka pamoja. Mzee mwingine, jirani ambaye sikuwahi kumsikia akiongea zaidi ya "mwangaluka" ya asubuhi, alichukua dumu tupu akalipindua, akaanza kupiga. Karai zilianza kwenda na mdundo. Sidhani kama kuna aliyeamua. Mikono ilifuata tu.

Siku ya 6

Mwenye ukuta amekuja mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa njiani kwenda kazini. Amesema toboeni. Ameongeza sharti: tundu la kona liwekewe nondo ili vibaka wasipite. Sharti la haki. Nondo ametoa yeye.

Siku ya 7 na 8

Manyunyu. Hatukufanya kitu.

Siku ya 10

Mchanga umetoka theluthi mbili. Theluthi iliyobaki tumeamua kuiacha, maana chini yake tumekuta udongo umekwanguliwa kabisa, hakuna cha kuokoa. Patakuwa njia na mahali pa kuwekea kitalu.

Chini ya kiganja cha mwisho cha mchanga, kwenye tuta la tatu, nimekuta mche mmoja wa sukuma wiki umelala chali, umekuwa mweupe kama mzizi, lakini kichipukizi cha katikati kikiwa na rangi ya kijani kibichi. Nimeusimamisha, nimeufungia kijiti.

Siku ya 12 hadi 16: ukuta wa mawe

Hizi siku tano naziandika pamoja kwa sababu kazi ilikuwa moja, na kwa sababu nataka mtu mwingine mwenye bustani chini ya mlima aweze kuifanya akisoma.

Kwanza kupima. Tumefunga fito tatu kwa umbo la herufi A, na katikati tumening'iniza uzi wenye jiwe dogo. Unasimamisha miguu miwili chini. Uzi ukigusa alama ya katikati, miguu yote iko usawa mmoja. Unaweka kigingi, unazungusha mguu mmoja, unapima tena. Vigingi vikishapangana unaona mstari ambao macho yasingeuona kamwe, umejikunja kama nyoka kufuata tumbo la mlima. Mimi ningechora mstari ulionyooka, na maji yangekimbilia upande mmoja tena. Tumechora mistari miwili, mmoja juu ya bustani na mwingine ndani ya ua wa majirani wawili ambao wamekubali kupoteza upana wa hatua moja ya kiwanja chao. Naandika hili polepole, kwa sababu mtu wa mlimani anajua hatua moja ya tambarare ina maana gani.

Kisha mawe. Mzee hakutaka saruji. Ukuta wa saruji unasimamisha maji, na maji yakisimama yanasukuma. Hilo tumeliona kwa jirani. Ukuta wa mawe matupu unayaacha maji yapite na kuzuia mchanga peke yake. Msingi ni shimo la kina cha goti. Mawe makubwa yanakwenda chini, yanalazwa kwa tumbo lao pana. Kila jiwe linakaa juu ya maungio ya mawe mawili ya chini yake, halikai juu ya jiwe moja. Ukuta wote unaegemea mlima kidogo. Nyuma yake, kati ya ukuta na mlima, tunajaza kokoto ndogo ili mchanga usipenye.

Nilimtazama akitafuta jiwe la kuziba pengo. Hapimi. Anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa pengo, mara moja tu, kisha anageuka kwenye lundo na kuchukua jiwe ambalo mimi nisingelichagua. Analigeuza mara mbili mkononi, analisukuma, linaingia kwa sauti kavu. Asipoisikia sauti hiyo analitoa. Kijana mmoja wa bodaboda alimuuliza anajuaje. Mzee akampa jiwe: "Weka. Sikiliza." Kijana alikaa naye siku zote tatu zilizofuata, na wateja wake wakawa wanamsubiri.

Juu ya ukuta wa mstari wa kwanza tumechimba handaki la kutegea mchanga, upana wa beleshi mbili. Likijaa tunalizoa. Pembeni yake tumepanda mchaichai. Niliomba kila nyumba itoe shina moja. Yamekuja mashina 46, mengine yakiwa na udongo wa kwao kwenye mfuko wa nailoni, na sasa kila aliyetoa anajua lake ni lipi.

Siku ya 18

Udongo. Bibi amechukua kilichobaki, amekibana kwenye ngumi, amefungua. Kimeachia papo hapo. "Luseni," alisema. Ndivyo Wasukuma wanavyouita udongo mwepesi wa kichanga wa mlimani. Maji hayakai, na rutuba haikai. Udongo mzuri tuliokuwa nao tuliutengeneza kwa miaka minne kwa samadi na mboji, na umeteremka ziwani kwa saa tatu.

Tunaanza upya: maganda ya mpunga kutoka mashineni, ambayo wenye mashine wanatupa, samadi ya ng'ombe, majani makavu ya mwembe, majivu kidogo. Lundo la mboji limefika kifuani. Limechomekwa kijiti katikati. Tukikichomoa na kukikuta cha moto na kimelowa, tunajua linaiva. Mtu ametuambia tuchanganye na magugu maji kutoka ufukweni, kuna mengi ya bure. Nimeyakataa kwa sasa, kwa sababu yanavyovuta uchafu wa majini, uwe wa maji machafu au wa viwandani, sitaki kuuleta kwenye mchicha wa watoto.

Siku ya 20

Tumesia matuta 14. Mbegu ya mchicha ni ndogo sana, na ukiimwaga peke yake inaangukia mahali pamoja kwa wingi. Kwa hiyo kijiko kimoja cha mbegu kwa vijiko vingi vya mchanga mkavu, unachanganya, unapitisha vidole vitatu juu ya mstari. Mchanga wenyewe ni ule ule uliotufukia.

Siku ya 22

Chemchemi ya katikati ya mawe, tunakochotea maji ya kumwagilia, bado ina tope. Nimekuta watoto wanne wamekwenda kutuchotea ziwani, wamesimama kwenye maji mpaka mapajani, kwenye matete. Wamefanya kwa moyo mwema kabisa na nimelazimika kuwakataza. Kichocho kiko pale pale kwenye maji yaliyotulia, kinatoka kwa konokono na kuingia kupitia ngozi, hakihitaji mtu anywe. Muuguzi jirani yetu amekuja jioni kuwaeleza, na ameongea na wazazi wao kuhusu dawa. Kuanzia kesho maji ni ya bomba la jirani, madumu 12 kwa siku, tutamlipa kwa mwezi. Wanaume watatu wamejitolea kuisafisha chemchemi.

Siku ya 26

Kosa, na ni langu. Wiki iliyopita jirani mfugaji alituletea viroba sita vya samadi ya kuku. Ilikuwa mbichi bado, harufu inakata macho. Nilijua inatakiwa ilowekwe, igeuzwe, ikae wiki kadhaa mpaka ipoe. Nilikuwa na haraka ya kuona kijani. Nimeichanganya kwenye matuta manne ya chainizi tuliyopandikiza miche iliyotoka kwa rafiki wa Nyegezi. Leo kingo za majani zimekuwa kahawia na miche imelala. Matuta manne yote.

Nimemwambia jirani mfugaji ukweli ili asidhani mbolea yake ni mbaya. Amesema atatuletea nyingine, na safari hii atairundika yeye mwenyewe kwake kwanza.

Siku ya 31

Nyavu chakavu zimefika kutoka kwa wavuvi wa mwaloni, mabunda matatu, bure. Uzio umekamilika. Kuku wa majirani wanasimama nje wakitazama ndani.

Siku ya 37

Leo ni kuhusu mgagani. Bibi alikuwa ametunza mbegu hiyo tangu alipohamia mjini, akiipanda kila mwaka na kuacha tuta moja likauke. Dukani mbegu ya mgagani haipatikani kirahisi, na hata ukiipata si ile ya bibi, ya bibi ina uchungu mdogo na majani mapana. Nimekuwa nikiulizia kila nyumba tangu wiki ya kwanza, sikumwambia.

Jana mama mmoja wa juu kabisa, karibu na minara, alinitumia mtoto na bahasha ya dawa ya hospitali. Ndani yake kulikuwa na mbegu nyeusi, kiasi cha kujaza kifuniko cha soda. Alipewa na bibi mwenyewe miaka mitatu iliyopita, alipokuwa amejifungua, pamoja na mgagani wa kupika na maziwa. Alikuwa amesahau kuzipanda.

Bibi alizimwaga kiganjani, akazipuliza makapi, akazitazama karibu sana na jicho. Kisha akaanza kuzigawa mafungu mawili. Nusu ndiyo tumepanda leo. Nusu amenirudishia niipeleke kule juu kwa yule mama, na agizo kwamba safari hii azipande, na mbegu zisikae nyumba moja.

Siku ya 44

Mavuno ya kwanza. Tumeng'oa mchicha wa matuta 8 asubuhi na mapema, umande ukiwa bado unateleza kwenye mashina. Mafungu 112. Kila nyumba iliyobeba mchanga, iliyotoa shina la mchaichai, iliyotoa ua wake kupitisha mawe, imepata fungu. Yaliyobaki 31 yamekwenda genge na yamekwisha kabla ya saa tano. Fedha imeingia kwenye sanduku, na sehemu yake imelipa maji ya jirani.

Ule mche wa sukuma wiki niliousimamisha siku ya 10 una majani saba sasa. Haujachumwa. Nimeomba uachwe.

Siku ya 60

Hesabu ya mapaa. Kati ya nyumba 60, nyumba 17 zimefunga gata, nyingi za mabati yaliyokunjwa na fundi wetu kwa gharama ndogo, na chini wameweka majaba ya lita 200. Nataka kuandika kwa ukweli: hiyo ni lita 3,400 kati ya zile 120,000. Ni kidogo mno. Haitazuia mafuriko. Lakini nyumba hizo zinafulia maji hayo siku mbili, na jaba tupu linapongoja mvua mwenye nyumba anaitazama mbingu kwa namna nyingine. Kazi kubwa bado ni ya mawe na matundu.

Mijusi ya mawe imehamia kwenye ukuta. Saa nne asubuhi madume yanajipanga juu kuota jua, vichwa na mabega rangi ya waridi iliyoiva, mwili bluu, yakipiga vichwa juu chini. Mzee anasema wakikaa hao, ukuta umetulia.

Siku ya 75

Jua kali wiki nzima. Tumetandaza maganda ya mpunga juu ya matuta yote na kumwagilia jioni tu. Mgagani umetoa maua.

Siku ya 84

Masika imefungua mlango jana usiku. Ilianza saa saba, na kwa mlio wa bati nilijua ni kubwa kama ile ya mwanzo. Nilivaa mabuti. Nikiwa bado mlangoni nikasikia mtu juu anapiga mwano, ile sauti ya Kisukuma ya kuita watu usiku, na tochi zikaanza kushuka kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Tulisimama kwenye mstari wa kwanza, watu kama ishirini, mvua ikitupiga usoni, hatuna la kufanya ila kutazama. Maji yalifika ukutani mekundu na mazito. Yalijaa handakini. Nilimshika mtu mkono, sikujua ni nani. Halafu yakaanza kutoka katikati ya mawe, upande wa chini, vijito vidogo vidogo mahali thelathini kwa pamoja, meupe kidogo, polepole, yakaingia kwenye mifereji ya kati ya matuta.

Kona ya mashariki ilibomoka, urefu wa hatua mbili. Tuliiziba na viroba. Matuta mawili yamekwanguliwa. Mgagani uko salama.

Kulipokucha nilipanda kuangalia matundu ya ukuta wa tofali. Nimemkuta mwenye ukuta amechutama kwenye tundu la kona, lile la nondo, amelowa mpaka mfupa, pembeni yake lundo la chupa na majani usawa wa magoti. Mke wake amesema ametoka kitandani mvua ilipoanza na hajaingia ndani tangu hapo.

Nilimwamkia. Akaonyesha nondo kwa beleshi: "Hizi tuziachanishe zaidi. Zinakamata takataka."

Kopo la rangi: sentimita 4 na nusu. Handaki limejaa mchanga, toroli 22 kwa kukadiria. Lazima litoke kabla ya Jumamosi ijayo. Mzee anakuja kesho saa moja kwa ajili ya kona ya mashariki, na kijana wa bodaboda ndiye atakayejenga, mzee atakaa. Mchanga wa safari hii anaanza kuchukua mwenye ukuta, anaziba ule ufa.